Seli nyeupe za damu hutokaje mshipani na kufika penye mchochota

Majibu ya maabara yakionyesha seli nyeupe 18,000 kwa mikrolita ya damu, wengi husoma hapo kwamba mwili unapambana na maambukizi. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini namba hiyo inahesabu seli zilizo njiani. Zilizokwisha kufika kwenye kidonda, kwenye pafu au kwenye goti lililovimba hazimo, wala hazimo zile zilizojibanza kwenye kuta za mishipa midogo. Seli nyeupe hufanya kazi yake kubwa nje ya damu. Humo mishipani zinapita tu.

Kwa hiyo anayetaka kuelewa mchochota, yaani hali ya sehemu ya mwili kuwa nyekundu, kupata joto, kuvimba na kuuma, aanze na swali hili: seli hizi hutokaje ndani ya mshipa ambao haujatoboka, tena mahali zinapotakiwa tu? Kwa ufupi, hutoka kwa hatua zinazofuatana, na kila hatua ina molekuli zake za kuiruhusu. Ikikosekana moja, safari hukwama hata kama damu imejaa seli. Magonjwa kadhaa ya ajabu na dawa kadhaa za gharama kubwa hueleweka mara moja ukishazijua hatua hizo.

Hesabu ya damu inaeleza nini

Kwa mtu mzima, kiwango cha kawaida ni takriban seli nyeupe 4,000 hadi 11,000 kwa mikrolita. Maabara nyingi huandika 4.0 hadi 11.0, kwa sababu zinahesabu mabilioni kwa lita. Kwa kawaida zaidi ya nusu ni neutrofili, ambazo ndizo hutangulia kufika palipodhurika. Uboho wa mifupa ya mtu mzima hutoa neutrofili zipatazo bilioni 100 kila siku, na nyingi huzunguka katika damu kwa saa chache tu. Ubohoni kwenyewe kuna akiba kubwa ya neutrofili zilizokomaa zinazosubiri. Huko zimeshikiliwa na kemokaini, yaani protini ndogo inayoita seli, iitwayo CXCL12, ambayo huvuta kipokezi CXCR4 kilicho juu ya seli. Maambukizi yakiingia, homoni ya G-CSF hupanda, mshiko huo hulegea, na akiba humiminika kwenye damu. Mahitaji yakizidi akiba, hata neutrofili changa ambazo kiini chao hakijagawanyika vipande huachiliwa. Daktari akiziona kwa wingi chini ya hadubini hujua kwamba uboho unasukumwa kweli.

Kuna kundi jingine ambalo kipimo hakilioni. Karibu nusu ya neutrofili zilizomo mishipani hazielei pamoja na damu. Zimegandama kwenye kuta au zinapita polepole mno katika kapilari, hasa za mapafu, ini na wengu. Adrenalini huziachia ndani ya dakika. Ndiyo maana mtu aliyetoka kukimbia, aliyeshtuka au aliyepata degedege muda mfupi uliopita anaweza kuwa na hesabu ya juu bila uboho wake kutengeneza hata seli moja ya ziada. Steroidi kama prednisoloni hufanya hivyo pia, na zaidi: huongeza utokaji wa seli kutoka ubohoni na huzipunguzia uwezo wa kushika ukuta na kutoka nje. Matokeo yake neutrofili hupanda kwenye karatasi huku zikipungua kwenye tishu. Limfositi na eosinofili, aina nyingine za seli nyeupe, hushuka wakati huohuo, na neutrofili changa huwa chache. Mpangilio huo ukionekana kwa mgonjwa anayetumia steroidi, usikimbilie kusema ana maambukizi mapya. Usikimbilie pia kusema hana, kwa sababu dawa hiyohiyo inaweza kuficha homa na uvimbe.

Jambo la tatu kuhusu hesabu linastahili kusemwa wazi. Watu wengi wenye asili ya Afrika na baadhi ya watu wa Mashariki ya Kati hawana protini ya Duffy juu ya seli zao nyekundu. Neutrofili zao katika damu huwa chache, pengine chini ya 1,500 kwa mikrolita, na hilo haliwaongezei hatari ya kuugua. Kuwapima kwa kiwango kilichotokana na watu wengine kumewafanya baadhi yao wapunguziwe au wanyimwe dawa walizohitaji, zikiwemo za saratani.

Mlango uko kwenye venuli

Safari huanzia nje ya mshipa. Bakteria akiingia kupitia mkwaruzo, au seli zikipasuka kwa kuungua, walinzi wakaazi wa tishu hutambua hilo: makrofaji na seli za masti. Seli za masti humwaga histamini papo hapo. Makrofaji hutoa saitokaini, yaani protini za kupashana habari kati ya seli, hasa TNF na IL-1. Ateri ndogo hutanuka, damu ya moto huja kwa wingi, na sehemu hiyo huwa nyekundu na yenye joto. Kwenye venuli, yaani vishipa vinavyopokea damu kutoka kapilari, seli za ukuta hujikunja kidogo na kuacha nafasi katikati yake. Maji na protini za plazma huvujia nje, na hapo ndipo uvimbe unapotokea.

Uvujaji huo una matokeo ambayo watu husahau. Damu iliyopoteza maji huwa nzito na hupunguza mwendo. Seli nyekundu hukusanyika katikati ya mkondo, na seli nyeupe husukumwa kando hadi zinagusa ukuta. Mtaalamu wa patholojia wa Ujerumani, Julius Cohnheim, aliyaona haya mwaka 1867 alipochunguza kwa hadubini mishipa ya chura aliye hai: seli nyeupe zikijipanga ukutani, kisha zikipenya taratibu na kutokea upande wa pili ilhali ukuta ungali mzima. Kabla yake wengi waliamini kwamba seli za usaha huzaliwa papo hapo kwenye kidonda.

Kwa nini venuli, si ateri wala kapilari? Ateri zina mkondo mkali unaong'oa chochote kinachojaribu kushika ukuta. Kapilari za sehemu nyingi ni nyembamba mno, upana wa mikromita 5 hadi 8, kiasi kwamba neutrofili hupita kwa kujibana. Venuli zilizo mara baada ya kapilari zina upana wa mikromita 10 hadi 50, mkondo wake ni wa polepole, na seli za ukuta wake zina vipokezi vingi vya histamini pamoja na akiba ya kinata kinachohitajika kwa hatua inayofuata.

Tafadhali usichanganye kuvuja kwa maji na kutoka kwa seli. Hayo ni mambo mawili yenye saa tofauti. Maji huvuja ndani ya dakika. Seli huendelea kutoka kwa saa nyingi, hata siku. Vipele vya mzio vinavyovimba na kutoweka ndani ya saa chache ni maji zaidi kuliko seli. Jipu ni kinyume chake.

Kunaswa na kubiringika

Ndani ya seli za ukuta wa venuli kuna vifuko vidogo virefu vilivyoelezwa mwaka 1964 na Ewald Weibel na George Palade, navyo hubeba majina yao hadi leo. Ndani ya vifuko hivyo imehifadhiwa P-selektini, mojawapo ya selektini, yaani protini za kunasia seli. Histamini au thrombini (kimeng'enya cha kugandisha damu) ikigusa seli, vifuko hupanda juu na kumwaga P-selektini usoni mwa ukuta ndani ya dakika chache. Baada ya saa moja au mbili, TNF na IL-1 huwa zimekwisha kuamrisha seli hizohizo kutengeneza E-selektini, ambayo haikuwapo kabla. Kwa hiyo mwitikio wa dakika za mwanzo unategemea akiba, na mwitikio wa saa zinazofuata unategemea protini mpya. Seli nyeupe nazo zina L-selektini, pamoja na protini ya PSGL-1 iliyofunikwa na sukari maalumu ambazo selektini huzishika.

Mshiko wa selektini ni mwepesi kama wa mbegu za kishonanguo kwenye kitambaa: hunasa upesi na kubanduka upesi. Damu husukuma seli, mshiko wa nyuma hubanduka, wa mbele hunasa, na seli hubiringika juu ya ukuta. Seli iliyo katikati ya mkondo wa venuli hupita mamia ya mikromita kwa sekunde au zaidi. Inayobiringika huenda mikromita chache hadi makumi kadhaa tu. Upungufu huo wa mwendo ndio faida yote ya hatua hii, kwa sababu unaipa seli muda wa kuusoma ukuta.

Kuna tabia moja ya selektini inayopingana na unavyotarajia. Muunganiko wake hukazika zaidi unapovutwa kwa kiasi, na hulegea mvutano ukipungua. Mkondo wa damu ukisimama kabisa, seli nyingi zinazobiringika huachia ukuta. Mwili umejiwekea hivi kinga dhidi ya seli kunasana ovyo mahali ambapo damu imetuama. Tena seli nyingi zinazobiringika hurudi mkondoni na kuendelea na safari yao. Kubiringika ni kuchunguza tu, uamuzi haujafanywa.

Kusimama

Uamuzi hutokana na kemokaini, protini ndogo zinazoita seli. Maarufu zaidi kwa neutrofili ni IL-8, ambayo pia huandikwa CXCL8. Kemokaini haziachwi zielee, kwani damu ingezisomba mara moja. Hushikizwa kwenye minyororo ya sukari ya heparani salfeti iliyo juu ya ukuta, hapohapo ambapo seli inabiringika. Seli inayopita polepole huigusa kwa kipokezi chake, na ishara huingia ndani.

Kinachofuata hutokea ndani ya sekunde. Juu ya seli nyeupe kuna protini ziitwazo integrini, hasa LFA-1 na Mac-1. Wakati wa utulivu integrini huwa zimejikunja, na hazishiki kitu. Ishara ya kemokaini hutuma protini za ndani, talini na kindlini-3, zikajibandike kwenye mkia wa integrini. Integrini hunyooka, hufungua mdomo, na uwezo wake wa kushika hupanda kwa maelfu ya mara. Ukutani zinasubiriwa na protini ya ICAM-1, ambayo TNF imeiongeza kwa wingi. Zikishikana, seli husimama kabisa hata mkondo ukiisukuma.

Mpangilio huu una busara kubwa. Integrini zingekuwa wazi wakati wote, seli nyeupe zingeganda kila mahali na kuziba mishipa. Kwa kuzifunga hadi ishara mbili zikutane, yaani selektini ya kupunguza mwendo na kemokaini ya kutoa amri, mwili huhakikisha kwamba seli husimama tu mahali ambapo ukuta wa mshipa wenyewe umetangaza dharura.

Ukuta huchagua pia nani asimame. VCAM-1, protini nyingine ya ukutani, hushikwa na integrini VLA-4, iliyo nyingi kwenye seli nyeupe za aina ya monositi, limfositi na eosinofili. Kemokaini za eotaksini huita eosinofili, na ndiyo maana njia za hewa za wagonjwa wengi wa pumu hujaa seli hizo. Muungano wa selektini gani, kemokaini gani na integrini gani ndio unaoamua seli ipi itokee wapi. Hakuna molekuli moja inayofanya kazi hiyo peke yake.

Kupenya

Seli iliyosimama haipenyi hapohapo. Hujibandika bapa na kutambaa juu ya ukuta kwa dakika kadhaa, ikishika kwa Mac-1, hata kinyume cha mkondo, mpaka ipate kiungo kati ya seli mbili za ukuta. Kiungo hicho kimefungwa na protini ya VE-kadherini. Ukuta wenyewe hushiriki kufungua: kalsiamu hupanda ndani ya seli zake, VE-kadherini husogezwa kando kwa muda, na protini za PECAM-1 kisha CD99 humpokea mgeni kwa zamu, moja baada ya nyingine. Zuia PECAM-1 na seli hubaki imeshikilia juu ya kiungo. Zuia CD99 na hukwama katikati. Seli chache hazipiti kiungoni bali hutoboa mwili wa seli moja ya ukuta na kutokea ng'ambo. Nyuma yao nyuzi za aktini hukaza shimo ili damu isitoke.

Kuvuka safu hiyo huchukua dakika chache. Kikwazo kigumu zaidi ni kilicho nyuma yake: utando wa msingi, wenye kolajeni ya aina ya 4 na laminini, pamoja na seli za periciti zinazoukumbatia mshipa kwa nje. Neutrofili hutafuta sehemu ambazo utando ni hafifu, nazo mara nyingi ziko kwenye mianya kati ya periciti. Hapo umbo la kiini linakuwa na maana. Kiini ndicho kitu kigumu kuliko vyote ndani ya seli, na cha neutrofili kimegawanyika vipande vitatu hadi vitano vilivyounganishwa na nyuzi nyembamba, hivyo kinaweza kupita kipande kimoja kimoja.

Kutembea kwenye tishu

Nje ya mshipa hakuna mkondo wa kubebwa nao. Seli hutembea yenyewe kwa kujikokota: upande wa mbele aktini hujijenga na kusukuma utando uende mbele, upande wa nyuma miosini hujikaza na kuvuta mkia. Neutrofili huenda takriban mikromita 10 hadi 20 kwa dakika. Milimita moja, basi, ni safari ya saa moja hadi karibu mbili. Ndiyo maana venuli zilizo karibu na jeraha ndizo zinazopokea kazi. Seli ikitokea mbali inachelewa mno.

Inajuaje uelekeo? Inasoma tofauti ya kiwango cha kemikali kati ya ubavu wake mmoja na mwingine, hata tofauti ya asilimia 1 au 2. Kemikali zinazoiita ni nyingi: vipande vya protini za bakteria vinavyoanza na fomili-methionini, kipande C5a cha mfumo wa komplimenti (protini za kinga zilizomo kwenye damu), mafuta ya ishara yaitwayo leukotrieni B4, na IL-8. Seli huzipanga kwa uzito. Ishara za mwisho wa safari, yaani vipande vya bakteria na C5a, hushinda ishara za njiani kama IL-8. Bila mpangilio huo neutrofili ingebaki ikizunguka karibu na mshipa, ambako IL-8 ni nyingi, na isimfikie bakteria.

Neutrofili za kwanza zikifika na baadhi yake kufa, zilizobaki hutoa leukotrieni B4 inayowaita wenzao, na kundi zima huja kwa kasi kama mmoja. Huko humeza bakteria, humwaga vimeng'enya na kemikali kali za oksijeni, na baadhi hurusha nje nyuzi za DNA zao zinazonasa vijidudu, jambo lililoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2004. Silaha hizi hazichagui. Sehemu kubwa ya tishu inayoharibika kwenye jipu au kwenye kiungo chenye jongo imeharibiwa na neutrofili zenyewe.

Katika jeraha la kawaida la bakteria, neutrofili hutawala saa 6 hadi 24 za mwanzo. Monositi huzirithi kati ya saa 24 na 48 na kugeuka makrofaji. Maambukizi ya virusi huleta limfositi mapema zaidi.

Mahali kanuni zinapobadilika

Maelezo haya yanafaa kwa ngozi, misuli na viungo vingi, lakini si kwa mapafu. Huko neutrofili hutokea kwenye kapilari zenyewe. Kwa kuwa kapilari hizo ni nyembamba kuliko seli, seli hupunguzwa mwendo kwa kubanwa tu, bila kuhitaji selektini sana. Katika sepsisi, yaani mwili unapoitikia maambukizi kupita kiasi hadi kujidhuru, neutrofili zilizoamshwa huwa ngumu, hazijikunji tena, na hunasa mapafuni kwa wingi. Hiyo ni sababu mojawapo ya mtu mwenye maambukizi ya mkojo au tumbo kuishia kushindwa kupumua. Ini nalo lina njia yake, ambapo protini ya CD44 ya neutrofili hushika asidi ya hayaluroniki iliyo ukutani.

Sepsisi huharibu pia usomaji wa uelekeo. Kemokaini zikijaa damu nzima, hakuna tena upande wenye nyingi na upande wenye chache. Vipokezi vya neutrofili humezwa ndani ya seli kwa kuchokozwa mno. Seli ni nyingi, zimeamka, na hazijui pa kwenda.

Limfositi zina desturi nyingine kabisa. Kila siku huingia kwenye tezi za limfu kupitia venuli maalumu zenye ukuta mnene, zikitumia L-selektini na kipokezi CCR7, kisha hutoka kwa kufuata mafuta ya S1P ambayo ni mengi kwenye damu na limfu kuliko ndani ya tezi. Limfositi iliyofundishwa kwenye tezi za utumbo hupewa integrini α4β7, inayoshika MAdCAM-1 iliyo kwenye mishipa ya utumbo, na hivyo hurudi utumboni. Iliyofundishwa kwenye tezi za ngozi hurudi ngozini.

Safari inapokwama

Ugonjwa unaofundisha zaidi ni upungufu wa kushikamana kwa seli nyeupe wa aina ya kwanza, unaotokana na hitilafu ya jeni ya CD18. CD18 ni nusu ya LFA-1 na nusu ya Mac-1, kwa hiyo integrini zote mbili hukosekana. Seli hubiringika vizuri lakini hazisimami. Mtoto huwa na seli nyeupe zaidi ya 20,000 hata akiwa mzima, na wakati wa maambukizi huweza kukaribia 100,000. Hata hivyo vidonda vyake havitungi usaha, haviponi, na fizi huoza mapema. Kitovu, ambacho kwa kawaida hudondoka ndani ya wiki moja au mbili, hubaki zaidi ya wiki tatu au nne. Kuchelewa kwa kitovu peke yake huwapata watoto wengi wenye afya na si sababu ya hofu; kuchelewa pamoja na kitovu kuwa chekundu na hesabu ya juu mno ndiko kunakodai kipimo cha CD18. Ugonjwa huu ni wa nadra sana, na tiba ya uhakika kwa walioathirika vibaya ni kupandikizwa uboho.

Aina ya pili huharibu sukari ambazo selektini hushika, kwa hiyo hata kubiringika hakutokei. Aina ya tatu ni kasoro ya kindlini-3: integrini zipo lakini hazinyooki, na kwa kuwa chembe sahani nazo hutumia kindlini-3, mtoto hutokwa damu kirahisi.

Kasoro zisizo za kurithi ni za kawaida zaidi. Sukari ikiwa juu kwa muda mrefu kwenye damu, neutrofili hushikamana vibaya, hutembea vibaya na humeza vibaya, na kidonda kidogo cha mguu hukataa kupona. Jipu lina tatizo jingine: ukuta umelizunguka, katikati hakuna mishipa, oksijeni ni kidogo na asidi ni nyingi. Seli mpya haziendelei humo, na antibayotiki hupenya kwa shida. Kulipasua na kulitoa usaha ndiyo tiba yenyewe. Vidonge peke yake mara nyingi havitoshi.

Na kuna hali ambayo seli hazipo kabisa. Mgonjwa wa saratani aliye kwenye kemotherapi akishuka chini ya neutrofili 500 kwa mikrolita, mchochota hukosa wafanyakazi. Koo haliwi na usaha, kidonda hakivimbi, hata picha ya kifua huweza kuonekana safi wakati pafu lina nimonia. Homa huwa dalili pekee. Joto likifika nyuzi 38.3 mara moja, au nyuzi 38 kwa saa nzima, ni dharura, na antibayotiki ya mshipa inatakiwa kuanza ndani ya saa moja, bila kungoja majibu ya vipimo.

Jinsi unavyokoma

Mchochota haukomi kwa kukosa mafuta tu. Huzimwa kwa makusudi. Neutrofili zilizomaliza kazi hujiua kwa utaratibu, makrofaji huzimeza kabla hazijapasuka, na kitendo hicho cha kuzimeza hugeuza makrofaji zianze kutoa ishara za kutengeneza tishu. Seli hubadilisha pia mafuta zinayotengeneza: badala ya leukotrieni huja lipoksini na resolvini, ambazo husimamisha neutrofili nyingine zisije. Zile ambazo hazikutoka mshipani huzeeka, huongeza CXCR4 juu yake, na hurudi ubohoni, kwenye ini au kwenye wengu kumalizwa huko.

Dawa zinazoziba njia

Kwa kuwa kila hatua ina molekuli yake, ilionekana rahisi kuiziba moja na kutuliza ugonjwa. Uzoefu umekuwa mkali. Kuziba CD18 kwa wagonjwa wa mshtuko wa moyo hakukuleta nafuu iliyotarajiwa, ingawa wanyama wa maabara walinufaika. Kwenye ugonjwa wa selimundu, ambamo neutrofili zilizoganda ukutani hunasa seli nyekundu na kuziba mshipa, krizanlizumabu inayoziba P-selektini iliidhinishwa Marekani mwaka 2019. Kibali chake katika Umoja wa Ulaya kilifutwa mwaka 2023 baada ya jaribio lililofuata kutothibitisha faida.

Efalizumabu iliziba LFA-1 kwa wagonjwa wa soriasisi na ikaondolewa sokoni mwaka 2009, kwa sababu baadhi ya watumiaji walipata maambukizi ya ubongo ya virusi vya JC. Natalizumabu, inayoziba VLA-4 ili limfositi zisiingie kwenye ubongo wa wagonjwa wa sklerosisi (multiple sclerosis), ambamo kinga hushambulia ubongo na uti wa mgongo, ilisimamishwa mwaka 2005 kwa sababu hiyohiyo na kurudishwa mwaka 2006 chini ya uangalizi mkali. Sababu ni nyepesi kuelewa: limfositi zilizozuiwa kuudhuru ubongo zimezuiwa pia kuulinda. Hatari hupanda kwa mtu mwenye kingamwili za virusi vya JC, aliyetumia dawa kwa zaidi ya miaka miwili, au aliyewahi kutumia dawa nyingine za kushusha kinga. Kwa hiyo kingamwili hizo hupimwa kabla ya kuanza, kisha tena mara kwa mara, pamoja na picha za MRI. Vedolizumabu, iliyoidhinishwa mwaka 2014 kwa magonjwa ya mchochota wa utumbo, inaziba α4β7 tu, kwa hiyo inagusa njia ya kwenda utumboni na kuuacha ubongo.

Fingolimodi, dawa nyingine ya sklerosisi, haizibi mlango wa venuli. Inazipotezea limfositi ishara ya S1P, zibaki ndani ya tezi za limfu. Limfositi za damu hushuka hadi takriban asilimia 30 ya kiwango cha mwanzo au chini yake. Hazijafa, zimefungiwa, na dawa ikiachwa hurudi kwenye damu katika wiki zinazofuata. Anayesoma hesabu hiyo bila kujua mgonjwa anatumia dawa gani atadhani amepoteza kinga yake, na anayeiacha dawa ghafla bila daktari anaweza kuamsha ugonjwa ukali kuliko ulivyokuwa.